Miti Arobaini Iliyovaa Majoho

Palikuwa na Sultani mmoja, Mwinyi Shungu, mtu wa makuu kupita kiasi. Siku moja kaamka, katangaza kwamba miti yote ya msitu ule mnene ni yake, na gome la mti halivaliwi na mtu mpaka Sultani aseme ndiyo. Anayebisha ahame.

Haya, wahamie wapi? Wenyeji wa msituni nguo yao ni gome. Hulibandua mtini, wakaliponda kwa nyundo ya mti mpaka likalainika. Mtoto hubebwa kwa gome, maiti huzikwa kwa gome. Bi Sikitu, fundi wa kuponda, alikuwa amebandua magome arobaini asubuhi ile ile, na binti yake amejifungua juzi, hana cha kumfunikia mtoto. Alikasirika kwelikweli. Na Bi Sikitu akikasirika, ulimi wake hauna simile.

Mara Sultani huyo, na askari wake, kaja kukagua mali yake.

"Mbona miti yangu iko uchi?"

"Imevuliwa, Maulana. Isipovishwa kabla ya jua kuzama, itakauka yote. Sisi huizungushia majani ya mgomba, mwakani inaota gome jingine."

"Majani? Mti wa Sultani ufungwe majani kama mkate wa muhogo?"

"Ndiyo maana sikuthubutu, Maulana. Mti huvishwa na mwenyewe, kwa hadhi yake."

Loo, hadhi! Hapo ndipo Bi Sikitu alipomshika. Sultani akaagiza majoho yaletwe, na kanzu, na vilemba, na mapazia ya chumba cha kulala. Miti ikavishwa mmoja mmoja, mpaka msitu ukawa kama baraza la Idi. Ulipofika wa arobaini, nguo zimekwisha, jua linazama, watu wananong'ona kwamba mti wa Sultani uko uchi hadharani. Aibu ikamla. Akavua joho lake la mwilini, akaufunika, akabaki uchi, ameshika mbele ungo aliouokota hapo uani.

Jioni ya msituni ina baridi. Sultani akaanza kutetemeka.

"Nipe gome moja, Bibi."

"Sultani ameshasema ndiyo?"

"Mimi ndiye Sultani!"

Bi Sikitu akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye ungo. Kisha akaitazama miti.

"Masultani nawaona arobaini, wote wamevaa majoho. Wewe wa ungo umetokea wapi?"

Askari wakainamisha nyuso, mabega yanawacheza. Sultani meno yakagongana, akasalimu amri. Akasema kwa sauti, mbele yao wote, kwamba tangazo limefutwa, miti ni ya wenyeji, magome ni ya wenyeji, wavae watakavyo, apewe tu cha kujisitiri.

Bi Sikitu akamwita binti yake, akamkabidhi gome laini kuliko yote amfunike mtoto. Halafu akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na fungu la majani ya mgomba, akamtwika Sultani.

"Jizungushie haya, Maulana, na utulie. Mwakani utaota gome lako."