Kurasa Zisizokwanguliwa

Zamani, meli za kivita zilipokuwa zikienda kwa matanga, kijana mmoja alipelekwa baharini kujifunza uofisa. Yeye na wanafunzi wenzake walipewa madaftari. Kila asubuhi waliandika kwa wino mahali walipodhani meli imefika. Adhuhuri nahodha alipima jua, akawatajia mahali penyewe.

Wenzake walikuwa na mazoea yao. Jua likishapimwa, walikwangua wino kwa kisu kidogo, wakaandika upya jibu la nahodha. Kurasa zao zilipendeza! Kijana huyu aliliacha kosa lake, akaandika la kweli chini yake.

"Bwana mdogo, hilo ni daftari, au kuku kapita na wino miguuni?" walimcheka.

Kisha mawingu yakaficha jua, siku baada ya siku. Mbele, upande wa kaskazini wa njia yao, kulikuwa na miamba, na hakuna aliyejua kama iko mbali au karibu. Nahodha akayaita madaftari yote.

"Kwangua upesi!" wenzake wakamnong'oneza. "Akiyaona hayo utashushwa bandarini, urudi kwenu."

Akatoa kisu. Alikuwa ameitamani kazi hii tangu utotoni. Nanyi mama zangu mnaonisikiliza, mngefanyaje? Akasita, akakirudisha mfukoni, akaingia.

Nahodha alifunua kurasa, uso umekunjamana. "Umekosea kila siku."

"Ndiyo, nahodha."

"Kisu huna?"

"Ninacho, nahodha. Lakini hivyo ndivyo nilivyodhani."

Nahodha akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. Ghafla akasimama. "Umekosea upande uleule! Kila siku meli imekuwa kaskazini zaidi kuliko ulivyoandika. Kuna mkondo wa maji unatusukuma, na hata mimi sikuuona. Geuzeni usukani, kusini!"

Mawingu yalipopasuka, waliiona miamba kando yao, mawimbi yakifoka juu yake. Kama wasingegeuza, wangekuwa juu yake. Makosa ya kijana ndiyo yaliyowaonyesha njia.

Wapendwa, na sisi visu tunavyo. Jioni tumechoka, tunamfokea mtoto kwa maziwa yaliyomwagika, kisha tunajiambia, "Ni leo tu." Na jana je? Na juzi? Tunakwangua, tunavaa vitenge vizuri, tunakuja hapa kwenye maombi, na tukiulizwa tunajibu, "Nyumbani salama." Mkondo nao unaendelea kutusukuma.

Nilikuwa nikidhani Mungu anataka ukurasa safi. Sasa nadhani anataka ukurasa wa kweli. Yeye hatusomi ili atushushe bandarini. Anatusoma ili ageuze usukani, na bahari bado iko wazi mbele yetu.

Basi leo tukipiga magoti, kila mmoja amfungulie Bwana daftari lake lilivyo, na alama zote za miguu ya kuku. Visu tuviache mfukoni.