Bibi Nyangeta na Mayai ya Ningu

Paukwa! Nami nawasikia mkiitika: Pakawa!

Hapo kale, mwaka wa tatu baada ya nzige, alikuwapo ajuza aitwaye Nyangeta. Kwao kulikuwa sehemu ya juu ya mto, nao waliishi kwa ningu, samaki wanaopanda kutoka ziwani kutaga mvua zinapoanza. Mwaka ule ningu hawakupanda. Njaa ikaingia kila nyumba.

Siku ya nne ya mwezi mchanga, Nyangeta alishika fimbo akateremka. Ko, ko, ko. Mto ulipoingia ziwani aliikuta migono, mitego ya matete, imeziba maji ukingo hadi ukingo. Angeweza kuikata. Lakini kukata mgono wa watu ni kuanzisha vita, na vijana aliowazika walimtosha.

Basi akaufuata ufuo kumtafuta mwenye migono. Ko, ko, ko. Ziwa halikuonyesha ng'ambo. Siku ya tano, kijiji cha kwanza wakasema migono ni ya watu wa mbele. Siku ya sita, kijiji cha pili wakasema vivyo hivyo. Magoti yakamwaka moto. Siku ya saba akafika kwa Mtemi Masatu, ambaye alikiri kwa majivuno kwamba migono ni yake, na haitoki.

Hata hivyo, mgeni ni mgeni. Desturi ya ufuo ule ilikuwa hii: mgeni asipomega kwanza, hakuna anayekula kijijini. Akaandaliwa ningu aliyejaa mayai.

Nyangeta akanawa. Akakaa. Hakumega.

Siku ya nane, watoto wakalia. Siku ya tisa asubuhi, Mtemi akaja mwenyewe, tumbo likimnguruma, nguru, nguru.

"Bibi, umekataa chakula chetu?"

"Sijakataa, Mtemi. Nangoja mayai haya yaanguliwe, samaki wakue, ndipo nile."

"Mayai yaliyopikwa yataanguliwa lini?"

"Hata sisi kule juu tunauliza hivyo hivyo. Mimi sina haraka, mwanangu. Kutembea ndiko kulikonichosha, kukaa naweza."

Masatu akamtazama kitindamimba wake, anayenyonya kidole kikavu. Akawatuma wavuvi wake. Mitumbwi ikakata ghuba, na jioni ikarudi imesheheni migono. Masatu akaapa kwamba haitarudi majini hadi ningu wamalize kutaga. Nyangeta akamega. Kijiji kizima kikamega.

Akarudi kwao polepole. Ko, ko, ko. Alipofika, moshi wa samaki ulikuwa umetanda. Ningu walikuwa wamemtangulia. Watu wa kwao wakamletea sahani. Akaomba mkeka, akalala siku mbili.

Fundisho ni hili: mtu huielewa njaa ya jirani siku inapoketi tumboni mwake, na mwenye busara humfikisha hapo bila kumwaga damu.

Hadithi yangu ikomee hapo, nami nipumzike.