Neno la Wenye Hadhi

Mbuke, mchapaji wa pale sokoni, alikuwa akipangusa kompyuta yake wakati Bwana Mashimba, tajiri wa ng'ombe, alipoingia.

"Andika mkataba wangu na kijiji. Nitafunga njia ya kisimani na nitawachimbia kisima kingine. Uwe wa Kiingereza, wasielewe hata neno!"

Mbuke naye alikuwa akichota maji kwenye kisima hicho hicho, na alijua hicho kingine hakitachimbwa ng'o.

"Hapo penye 'na', mzee, niunganishe vipi? Ipo 'and', ya darasa la tatu. Yapo pia maneno mawili ya watu wenye hadhi."

Mashimba, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, akakohoa. "Kwani mimi niko darasa la tatu? Weka hayo ya wenye hadhi!"

Akatia saini kwa mbwembwe mbele ya kijiji kizima.

Kesho yake alipoleta seng'enge kisimani, mtendaji wa kijiji akamsomea mkataba wake: "'Only after.' Utafunga njia baada tu ya kuchimba kisima kingine."

Mashimba akamgeukia Mbuke, aliyekuwa kwenye foleni na ndoo yake. "Hiyo 'and' ilikuwa na ubaya gani?"

"Haikuwa na ubaya, mzee. Ni wewe uliyekataa kukaa na watoto."