Kinachotangulia Wimbo wa Mama Sechelela

Hii imenifikia kwa mtu aliyetumiwa na mtu, na huyo naye hakumbuki aliitoa wapi. Isome polepole. Ukimaliza, mtumie yule rafiki yako ambaye siku hizi ukimuuliza habari anajibu "nzuri" kabla hujamaliza swali.

Katika nchi ya Wagogo palikuwa na kijiji kando ya korongo. Masika korongo hilo hupitisha maji mekundu yanayobeba hata magogo. Kiangazi hubaki mchanga mtupu unaochoma nyayo, na mgeni akipita husema watu wa hapa watakufa kwa kiu. Wenyeji humcheka, maana maji hayajaenda mbali, yamelala chini ya mchanga. Kila nyumba huchimba kisima chake humo korongoni, hukizungushia miiba ili ng'ombe wasikivuruge, na maisha yanaendelea.

Kijijini hapo aliishi mjane mmoja, Mama Sechelela. Alimzika mume, akawazika na wanawe wawili. Kisha ukame ukaja kumalizia ng'ombe waliobaki. Hata hivyo, kila asubuhi wanawake walipoteremka korongoni na punda wao, walimkuta ameshafika kisimani kwake, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyosimama, utadhani jana kaozesha binti.

Watu hawakukosa maelezo. Wengine walisema ana imani ya ajabu. Wengine walisema hana moyo. "Mwenye uchungu haimbi hivyo," walinong'onezana, kisha wakateka maji yao wakaenda zao.

Sasa palikuwa na kijana mmoja, Chedego, ambaye tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza. Mkewe Mbeleje alifariki akijifungua, akamwachia mtoto wa kike. Siku ya maziko mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Chedego akauliza kwa sauti, "Kwa nini?" Ndugu zake wakamkanyaga mguu. "Nyamaza, Mungu haulizwi."

Basi akanyamaza, na kusali akaacha. Akaenda kwa mganga, haukupita muda akatoka. Akaenda kwa nabii wa mjini anayeuza mafuta ya upako, huko nako akatoka. Mwisho akabaki nyumbani na swali lake.

Kiangazi kilichofuata mtoto, Nyemo, akaanza kuharisha. Mama yake Chedego alimpeleka zahanati, na muuguzi akampa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji.

"Maji yawe safi, bibi, na myachemshe," alisema. "Mkimpa hayo yenye tope mtampoteza. Mtoto huyu hana akiba ya nguvu."

Bibi aliporudi miguu ilikuwa imevimba, hivyo Chedego akachukua ndoo mwenyewe. Kule kwao maji ni kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye ndoo huchekwa kuanzia mlangoni mpaka korongoni. Alichekwa kweli, na kibaya zaidi, hakujua kuchimba. Alichimba, yakatoka maji ya tope. Akaliacha shimo hilo, akachimba pengine. Tope tena. Akahama, akahama tena, hata korongo likajaa mashimo yake na wanawake wakaliita shamba la viazi la Chedego. Nyumbani mtoto alikuwa ameanza kulegea. Hata kulia alishindwa.

Katika kuhangaika huko, Chedego aliona jambo. Maji ya Mama Sechelela yalikuwa maangavu kuliko ya wote, ukitazama ndoo yake unaona mpaka chini. Akaanza kujiuliza mambo mawili kwa pamoja: maji yale anayatakasa vipi, na nyimbo zile anazitoa wapi? Labda amefukia hirizi kisimani. Angeweza kumuuliza, lakini mtu akishanyamazishwa mbele ya kaburi hujifunza kuchungulia badala ya kuuliza. Akaamua kwenda alfajiri, kabla ya punda na wenye punda, akajibanza nyuma ya ukingo wa korongo.

Alichokisikia hakukitegemea hata kidogo. Mama Sechelela hakuwa anaimba. Alikuwa anagomba.

"Leo sina la kukushukuru," alikuwa akisema, huku anachota maji ya tope kwa kata na kuyamwaga mchangani. "Nimeamka nikamwita mwanangu Lameki aniletee kuni. Nimesahau kwamba nilishamzika. Unajua nilivyoumia, Bwana? Ulikuwa wapi siku ile? Wenzangu wanalea wajukuu, mimi nalea miiba ya kisima!" Akachota, akamwaga. "Na usidhani nitakuacha nikaondoka. Niende kwa nani? Nipo hapa hapa, na kesho nitakuja tena."

Alilia na kuchota, akachota na kulia, mpaka kisima kikawa kikavu. Kisha akakaa kitako, akatulia. Taratibu maji mapya yakaanza kuchuruzika kutoka ubavuni mwa mchanga. Hayakuwa na tope. Akanawa uso, akashusha pumzi ndefu, na hapo ndipo wimbo ulipoanza. Kwa mbali zikasikika kengele za punda wa kwanza wakiteremka.

Chedego akatoka mafichoni kwa aibu. "Mbukwa, mama," akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, baba. Umekuja kuiba maji au maneno?"

"Maneno, mama. Na maji pia." Akatua ndoo aliyokuja nayo. "Unamsemesha Mungu hivyo, huogopi?"

"Naogopa kumwambia uongo."

"Lakini Mungu haulizwi."

"Nani kakwambia? Bwana Yesu mwenyewe pale msalabani alimuuliza Baba yake kwa nini. Wewe na mimi ni akina nani hata tujifanye wapole kumshinda?"

Chedego akasogea hatua moja. "Na wewe amekujibu?"

Mama Sechelela akakung'uta mchanga kwenye kata. "Bado," alisema. "Lakini hajanifukuza. Kila asubuhi nammwagia tope langu lote, na yeye anabaki. Mtu akikuvumilia hivyo, polepole unaanza kumwamini. Zamani nilipokuwa na ng'ombe na watoto, nilimjua kwa jina tu, kama unavyomjua mkuu wa wilaya. Sasa namjua."

Akainuka, akaelekeza kata kwenye yale mashimo yaliyotapakaa korongoni.

"Hayo nayo yote yalikuwa na maji, mwanangu. Kisima cha mchangani hutoa tope kwanza, hata mabinti zetu wadogo wanajua. Unalichota lote, unalimwaga, unangoja. Wewe ukiona tope unahama."

Chedego alimkumbuka mganga. Alimkumbuka na nabii wa mafuta. Akainamisha kichwa.

"Haya, lete ndoo," Mama Sechelela akasema. "Mtoto hawezi kungoja mpaka tumalize mahubiri."

Akaijaza ndoo kwa maji yake mwenyewe, na Chedego akapanda ukingo mbio, ndoo kichwani, bila kujali nani anacheka. Maji yakachemshwa, yakapoa, dawa ikachanganywa. Bibi akamnywesha Nyemo kijiko baada ya kijiko, na Chedego akakaa kando akihesabu pumzi za mwanawe.

Kesho yake alfajiri alirudi korongoni. Alichagua shimo moja katika yale aliyoyatelekeza, akapiga magoti, akaanza kuchota. Mwanzoni alichota kimya. Kisha neno lile alilokatazwa siku ya maziko likamtoka.

"Kwa nini?" alisema. "Kwa nini Mbeleje? Ulishindwa nini kumwacha hata amwone mtoto? Na huyu naye unamtaka?"

Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia makaburini. Hakuna sauti iliyomjibu kutoka juu. Lakini kwa mara ya kwanza tangu msiba, alikuwa akizungumza na Mungu mwenyewe, si juu ya Mungu, na hakujisikia kama mtu anayeongea na ukuta. Akamwaga kata ya mwisho. Akakaa, akangoja, na maji yakaja.

Aliendelea hivyo kila alfajiri. Nyemo naye akaanza kushika vidole vya bibi yake, na haukupita muda akawa analia kwa nguvu mpaka majirani wakanung'unika. Chedego hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Asubuhi moja wanawake waliteremka na punda wao wakasikia sauti mbili zikiimba. Moja ilikuwa ya Mama Sechelela. Nyingine ilikuwa nzito na ilikosea ufunguo kila mahali.

"Msikie yule," mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Mke hana hata mwaka kaburini, na yeye anaimba. Wanaume hawana moyo."

Chedego alisikia. Akageuka kumtazama Mama Sechelela. Macho yake Chedego yalikuwa bado mekundu, na kando ya kisima chake mchanga ulikuwa bado umelowa tope.

"Usiwajibu, mwanangu," Mama Sechelela alisema. "Wao siku zote hufika wakati wa wimbo."

Funzo: Usimfiche Mungu uchungu wako, wala usimhame kwa sababu ya uchungu huo, mmwagie wote ukiwa hapo hapo ulipo, maana wengi waliomjua kweli walimjulia kwenye machozi. Na ukimsikia mwenzako anaimba, usiseme hajalia, huenda wewe ndiye uliyechelewa kufika.