Nyota Iliyopinda ya Bi Lubaba

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Sham aliishi mjane mchamungu aitwaye Lubaba. Mumewe, Ukasha, alikuwa mchora nakshi za misikiti. Alimwahidi mkewe kumfundisha kuchora, lakini mauti yakamtangulia. Basi Bi Lubaba akaazimia kujifundisha mwenyewe, na hamu yake ilikuwa moja tu: mstari wa mkono wake uingie katika nyumba ya Mwenyezi Mungu kabla hajafa.

Alipaka ubao udongo mweupe, akapigilia kigingi katikati, akafunga uzi, na kwenye ncha ya uzi akafunga kipande cha mkaa. Akizungusha, duara linatoka kama yai. Mwanzo mgumu, jamani! Nyota alizochora ndani ya duara zilikuwa na ncha zisizokutana kabisa. Akafuta, akachora, akafuta tena, asikate tamaa. Asubuhi moja ncha zote zikakutana! Alipiga takbira kwa sauti kubwa hata majirani wakaja mbio na ndoo za maji.

"Bi Lubaba, moto uko wapi?"

"Hakuna moto, wanangu. Tazameni, zimekutana!"

Wakacheka, naye akacheka kuwashinda wote.

Siku hizo msikiti mpya ulikuwa ukijengwa. Mjenzi mkuu, Ustadhi Mihrani, ambaye alikuwa mgeni mjini, akatangaza kwamba kila mwenye nakshi ailete, na itakayopendeza itachongwa kwenye mihrabu, pale anaposimama imamu. Bi Lubaba akaitazama nyota yake, akaona imepinda kidogo. Shetani naye halali. Sandukuni mlikuwa na ngozi ya kuchorea aliyoiacha marehemu mumewe, iliyotobolewa vitundu, kama ilivyokuwa desturi ya wachora nakshi: ukiilaza juu ya ubao na kuipaka vumbi la makaa, nakshi nzima hujitokeza kwa nukta. Bi Lubaba akapaka vumbi, akaunganisha nukta kwa wino, akapeleka.

"Subhanallah!" akasema Ustadhi Mihrani. "Hii ndiyo ya mihrabu. Bibi, nani aliyekufundisha?"

Watu wakamzunguka wakimpongeza. Alichokililia kwa Mola wake kilikuwa mbele yake, akinyamaza tu amekipata. Lakini hakuweza hata kutabasamu.

"Nimejifundisha mwenyewe," akasema, na machozi yakamtoka. "Lakini hii si yangu, bwana. Ni ya marehemu mume wangu, Ukasha. Mimi nimepaka vumbi tu. Niwieni radhi."

Ustadhi Mihrani akauweka ubao kando. "Na yako iko wapi?"

Akaenda kuileta. Ustadhi akaikagua bila kumbembeleza.

"Haifai mihrabu. Ncha hii imelegea. Lakini ni ya mkono wako. Je, utaridhia tuichonge mlangoni, pale watu wanapovua viatu?"

"Penye viatu vya waja wa Mwenyezi Mungu?" Bi Lubaba akapiga kigelegele mbele ya wajenzi wote. "Nani mimi hata nikatae? Chongeni hata leo!"

Ikawa hivyo. Nakshi ya mihrabu ikaandikwa jina la Ukasha, na nyota iliyopinda ikakaa mlangoni. Kila aliyeinama kuvua viatu aliiona hiyo kwanza.

Ndugu yangu, usione haya kwa kazi yako ya mwanzo. Ipeleke kwa Mola wako ilivyo, maana Yeye ndiye aliyeuumba mkono ulioichora, na anajua umetoka wapi.