Kwa Nini Mfereji wa Ighembeni Hupita Kanisani

Anayefika Ighembeni, huku juu kwenye milima ya Upare, hushangaa akiona mfereji ukiingia kwa mlango mkuu wa kanisa lisilo na paa, ukishuka katikati ya kuta za mawe na kutokea kule ilikokuwa altare. Wageni hutucheka: "Nyie watu, mlijenga kanisa mtoni?" Waacheni wacheke. Ninyi sikilizeni ilivyokuwa.

Hapo kale maji hayo yalizunguka mbali na kanisa. Waliouchimba mfereji ni wamonaki wa shirika la Wasitoo, watu wa jembe na sala, waliojenga hapa abasia yao, makao pamoja na kanisa hili. Hawakupenda maneno. Shambani waliongea kwa ishara za mikono, na kanisani walifumbua kinywa kwa zaburi tu. Kisha wakaitwa kwao, wakaenda moja kwa moja. Paa likaanguka, popo wakahamia, na wazee wetu wakajiaminisha kwamba ule ukimya umebaki mle ndani, na atakayethubutu kutamka neno kati ya zile kuta atakuwa bubu. Hata mbuzi akiingia, aliachwa atoke mwenyewe.

Basi ukaja mwaka wa maporomoko. Kilima kiliteremka kikaufukia mfereji pale ulipozunguka, kwa majabali yasiyosogea kwa mtaimbo wala kwa matusi. Mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele, na mvua zimekwisha. Njia ya maji ilibaki moja, kupitia kanisani. Wazee wakakataa katakata.

Nakijwa, mjane mwenye watoto wa kulisha, hakulala kwa hasira. Usichanani mwake alikuwa akipeleka maziwa jikoni kwa wamonaki, na aliwahi kumwona Bruda Alfonsi siku mbuzi alipomlia kofia yake ya majani. Bruda alicheka mpaka akakaa chini. Mtu anayecheka vile, Nakijwa alijiambia, hawezi kutuachia laana. Kulipokucha akachukua jembe.

Hata hivyo, alivuka kizingiti kwa hofu. Aliyakumbuka mahindi yake yaliyokunja majani, akaanza kufukua udongo uliofunika sakafu huku akiimba wimbo wa kulimia kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Kuta zikamrudishia wimbo kana kwamba wako wengi. Nje kijiji kizima kilikusanyika, kimetega masikio.

Mara wimbo ukakatika.

"Yamemkuta," akanong'ona Mzee Senkondo, mkuu wa mfereji, akavua kofia.

"Mzee Senkondo!" sauti ikatoka ndani. "Mtanisikiliza mpaka lini? Leteni majembe, mwenzenu nimechoka!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Senkondo akawa wa kwanza kuingia, akiimba vibaya kuliko wote, na wengine wakamfuata. Jua lilipogeuka, maji yakapita mlangoni, yakateleza juu ya mawe ya sakafu na kushuka mashambani. Vigelegele vilisikika hadi bondeni. Nakijwa alisimama ndani ya maji akilia kwa furaha, wala hakujificha.

Na tangu siku hiyo maji ya Ighembeni hupita kanisani, na mwaka ule tulivuna tukashiba. Tangu siku hiyo pia, asafishaye mfereji kati ya kuta zile lazima aimbe. Ukinyamaza, akina mama watakurushia maji usoni mpaka sauti itoke.