Kinanda Kilichokuwa Mwili wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Pazani, alitawala Sultani mmoja jina lake Shekuwe, mnene wa mwili, mwepesi wa hasira, na mwepesi zaidi wa kucheka. Sultani huyo aliletewa zawadi na mfalme wa nchi ya mbali, kinanda kikubwa kile kiitwacho piano, cheusi kama wino, king'aacho hata mtu akijitazama ubavuni mwake huona ndevu zake moja moja. Kilikuwa na miguu mitatu minene, kifuniko kipana kama bawa la tai, na safu ya meno meupe na meusi. Siku kilipopigwa kwa mara ya kwanza, Sultani alilia, kisha akacheka, kisha akaomba sharubati. Tangu hapo hakuwa na kipenzi kingine.

Lakini hakutaka kinanda kikae mahali pamoja. Leo kipigwe sebuleni ghorofani, kesho bustanini, keshokutwa katika ukumbi wa karamu ng'ambo ya ua. Na kasri lile lilikuwa na ngazi nyembamba yenye kona, na milango ya kuchongwa iliyojaa misumari ya shaba. Basi ikawa siku moja wapagazi wanakipitisha mlangoni, ikasikika *kraaa!* Walipotazama, ubavuni pa kinanda pana mkwaruzo mrefu kama njia ya konokono.

Sultani alipiga ukelele kana kwamba kachomwa yeye. Akakusanya baraza, akanena, "Sikilizeni, enyi watu wa Pazani! Kinanda hiki ni mwili wangu, na mwili wangu ni kinanda hiki. Kikiumia, nimeumia mimi. Wapagazi hawa wafungwe gerezani, wala wasitoke mpaka kidonda hiki kipone!"

Waziri Mwidani akamwinamia sikioni, akanong'ona, "Maulana, ubao hauoti ngozi."

"Basi watazeekea huko," akajibu Sultani.

Mkuu wa wapagazi hao aliitwa Pandu, na mkewe alikuwa Kazija. Kazija alikuwa na kaka, Mshangama, mtu asiye na kitu duniani ila kanzu moja na ulimi. Kanzu akiifua, hushinda ndani mpaka ikauke. Ulimi haukupumzika hata siku hiyo, kwani alizungumza na wapita njia kupitia dirishani.

Kazija akamwendea akilia. "Kaka, mume wangu amefungwa mpaka mti upone kidonda! Miaka yote tumekulisha ukitupa maneno tu. Leo maneno hayo yafanye kazi."

"Nyamaza, dada yangu," akasema Mshangama. "Mtu akijifunga kwa neno lake, hufunguliwa kwa neno lilo hilo. Nipe muda nikune kichwa."

Ikawa harusi ya binti wa Sultani imewadia, nayo itafanyika katika ukumbi wa karamu. Sultani alikwisha kujigamba kwa wakwe kwamba kinanda kitapigwa, na kinanda kiko juu ghorofani. Nani atakiteremsha? Waziri akazunguka mji mzima kutafuta wapagazi. Huyu akasema mgongo wamuuma, yule akasema goti limehama mahali pake, na mmoja akasema ana mimba, akasahau kuwa ana ndevu.

Hapo Mshangama akaingia barazani, wakwe wote wakiwa wameketi, akapiga magoti.

"Sultani wangu, mimi nitakiteremsha kinanda bila mkwaruzo. Ila nina swali. Neno la Sultani hugeuka?"

"La hasha! Neno langu ni mlima."

"Basi kinanda ni mwili wako, na mwili wako ni kinanda?"

"Ndivyo nilivyonena."

"Hapo ndipo ninapoogopa, Maulana. Kinanda hiki kina ila moja: kikiumizwa hakisemi. Mpagazi hajui amekikwaruza mpaka amekwisha kukikwaruza. Laiti tungekuwa na kinanda kingine, kizito kama hicho, kinachoweza kulia *ai!* kabla hakijaumia, tungekipitisha njiani kwanza, tujue ni wapi panapouma. Na kwa bahati njema kipo."

"Kiko wapi?"

"Kimekalia kiti cha enzi."

Sultani akaiva uso kama nyanya, akafungua kinywa amwite mnyongaji. Lakini wakwe walikuwa wakimtazama, na mlima hauwezi kuhama mbele ya wakwe. Nyuma ya pazia akasikika bibi harusi mwenyewe akicheka mpaka akakohoa.

Sultani akafumba kinywa. "Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Unahitaji nini?"

"Pandu na wenzake watolewe kwa kazi hii, maana wao wanaijua ile ngazi na kona zake. Na magodoro, na mablanketi, na mito mingi."

Basi wapagazi wakaletwa, walinzi wakiwa nyuma yao. Mshangama akatangaza, "Kwanza kabisa, kinanda huondolewa miguu!"

"Miguu yangu?" akapiga kelele Sultani.

"Ya kinanda itafunguliwa, Maulana. Yako tutaikunja tu."

Wakapanda naye ghorofani kilipo kinanda, wakamkunja. Wakamviringisha blanketi juu ya blanketi, kisha godoro la pamba, wakamfunga kwa kamba, wakamlaza ubavu juu ya ubao mpana, kama kinanda kinavyolazwa, ukabaki uso tu ukichungulia kama andazi ndani ya kitambaa. Wakamwinua. Waziri Mwidani akatangulia akipiga mayowe, "Pisheni! Pisheni! Sultani anapita, au kinanda, sijui, pisheni!"

Mlangoni blanketi likateleza, msumari wa shaba ukampata. "Ai! Ubavu wangu!"

"Hapo panauma," akasema Mshangama. "Pandu, funga mto."

Ngazini ubao ukaanza kuteleza kwa kasi. "Yarabi, naanguka!"

"Kamba nyuma, watu wawili waishike!"

Kwenye kizingiti ubao ukaruka kidogo. "Meno yangu yamegongana!"

"Na ya kinanda yangegongana vilevile. Leteni zulia, litandikwe hapa."

Walipofika uani, jua likamwangukia. "Naiva! Jamani naiva!"

"Kivuli! Kinanda hakipendi jua." Wakakimbilia kuleta turubai, wakalinyoosha juu yake.

Wanawake wa harusini, walipoona mzigo ule unapita ukilalamika, wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga vigelegele. Mjomba wa bwana harusi, mtu mzima asiyeona vizuri, akaubonyeza kwa kidole. Mzigo ukalia *ii!* Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mashallah, kina sauti nyembamba nzuri."

Sultani alipofunguliwa ukumbini alikuwa amelowa jasho, kilemba hakionekani kilikokwenda. Akaketi pembeni akishika ubavu, akitazama njia.

Ndipo kinanda chenyewe kikateremshwa. Kikafungwa vivyo hivyo, kikapita mlangoni penye mito, kikashuka ngazi kikishikiliwa kwa kamba, kikavuka kizingiti juu ya zulia na ua chini ya turubai. Kila walipofika mahali penye kona, Sultani, aliyeinuka akawafuata, alipiga kelele, "Polepole hapo! Hapo panauma, mimi nimepita!" Kikafika bila doa. Miguu ikarudishwa, kikapigwa, na wakwe wakacheza mpaka viatu vikawavuka.

Baada ya harusi walinzi wakawarudisha wapagazi gerezani, kwani neno la Sultani halikuwa limetimia. Kazija akamtazama kaka yake kwa jicho kali. Mshangama akasema, "Ngoja, dada. Dawa bado inafanya kazi."

Zikapita siku. Mshangama akaja ukumbini, akamkuta Sultani ameketi karibu na kinanda chake pamoja na Waziri na baraza lote.

"Sultani wangu, nimekuja kukujulia hali. Ule mkwaruzo wa ubavuni, wa msumari, unaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, umepona. Hata alama hakuna."

"Baraza limesikia?"

"Limesikia," watu wakajibu.

"Basi wapagazi watolewe, maana kidonda kimepona."

Waziri Mwidani akaruka. "Aa! Kidonda cha kinanda kipo palepale, nakiona kwa macho yangu!"

Mshangama akamgeukia Sultani kwa unyenyekevu mwingi. "Maulana, nimekwama. Kinanda ni mwili wako. Wewe wasema mwili wako umepona, Waziri asema haujapona. Ni nani anayeujua mwili wako zaidi, wewe au yeye?"

Waziri akatazama majambia ya walinzi, akafikicha macho. "Kwa kweli," akasema, "siku hizi sioni vizuri. Kimepona. Kimepona kabisa."

Sultani akajizuia, akajizuia, mashavu yakamtuna, kisha kicheko kikampasuka kama gunia la choroko. Akaamuru Pandu na wenzake watolewe mara moja na wawe watunza kinanda wa kasri, kila mtu na mshahara wake, na Mshangama apewe nyumba na shamba la minazi. Na huku akicheka na kufuta machozi, akakipiga kinanda kofi la furaha, akasahau pete kubwa ya almasi iliyo kidoleni mwake.

*Kraaa!*

Mkwaruzo mpya, mrefu kuliko ule wa kwanza, ukang'aa juu ya kifuniko. Waziri akafumba macho. Walinzi wakatazama dari.

Sultani akaitazama pete, akautazama mkwaruzo, akamtazama Mshangama, aliyekuwa ameinua nyusi.

"Mnashangaa nini?" akasema Sultani. "Nilikuwa najikuna."